Ghala la Vitunguu la Rangnath

Thakubai alimtilia sukari nyingi kwenye chai mtu aliyemchukia kuliko wote kijijini, akamsogezea kigoda, akamwuliza habari za watoto.

"Shemeji," Rangnath akasema huku akiipuliza chai, "nataka kujenga ghala la vitunguu. Kubwa. Nimechoka kuuza wakati wa mavuno kwa bei ya kutupa, halafu sikukuu ya Diwali ikikaribia naona wenzangu wanauza vilevile kwa bei ya dhahabu."

"Sasa mimi bibi kizee nikufanyie nini? Nibebe mianzi?"

"Kaka yangu marehemu hakuna aliyemfikia kwa kujenga maghala. Na wewe ndiye uliyekuwa ukimsukia kuta."

Hilo lilijulikana. Na jingine lilijulikana pia, ila halikusemwa mbele ya Rangnath. Kabla majivu ya Bhikaji, mumewe Thakubai, hayajapoa, jiwe la mpaka kati ya shamba lake na la mdogo wake lilianza kutembea. Msimu huu lilisogea kidogo, msimu uliofuata likasogea tena, mpaka likamega kipande kizuri cha shamba la mjane. Thakubai alipolalamika, Rangnath aliwaambia wazee kwamba msiba umemvuruga shemeji yake akili. Wazee wakacheka. Tangu siku hiyo Thakubai alilala na kicheko kile na kuamka nacho.

"Basi nisikilize vizuri," akasema. "Jenga bondeni, karibu na kijito, kuna ubaridi. Usithubutu kwenda kule juu kwenye mwinuko, upepo utavikausha vitunguu vibaki maganda. Kuta ziwe za matofali, usiache hata tundu la panya. Sakafu iwe udongo wenyewe. Ving'oe majani yakiwa bado mabichi, vikate shingo, vijaze mpaka darini. Vikibanana vinapeana joto."

Rangnath alimaliza chai, akashukuru kwa adabu zote, akaenda zake.

Parubai, jirani, alikuwa upande wa pili wa ukuta akichambua dengu. Akachomoza kichwa.

"Mama wewe, hata mimi nisiyejua kitu najua kitunguu kinataka upepo. Akifuata hayo, mvua ya kwanza tu vitakuwa uji."

"Kwani nimemshika mkono?"

"Utakuja kuzaliwa tena uwe mende."

"Nitaishi jikoni kwake," Thakubai akajibu, akakiosha mara mbili kikombe alichonywea mgeni.

Ujenzi ukaanza. Thakubai hakuuliza wala hakwenda kuchungulia. Alichofanya ni kupanda basi kwenda mjini, akisema macho yanamsumbua. Aliporudi, vikuku vyake vya fedha havikuwa miguuni.

"Nimeuza. Matibabu ya macho ghali," akamwambia Parubai.

"Na miwani iko wapi?"

"Wamesema watakuja wenyewe."

Parubai akamtazama, akaamua kwamba wazee hawakukosea sana.

Mvua zilipokolea, Thakubai alianza kutoka kibarazani kila asubuhi na kuinua pua kama mbuzi anayetafuta shamba la watu.

"Bado hakujanuka?" Parubai angeuliza.

"Bado."

Mvua zikaisha, hakukunuka. Diwali ilipokaribia, Thakubai alimtumia Rangnath salamu: aje amweleze vitunguu vimefikia wapi, naye afurahi.

Rangnath alikuja na kapu kichwani na wazee watatu nyuma yake. Akalitua kapu mbele ya mjane. Vitunguu vilikuwa vyekundu, vigumu, maganda yakichakarika kama karatasi.

"Zawadi ya mwalimu," akasema. "Shemeji, ulidhani mimi mtoto? Chuki yote ile, halafu chai ya sukari? Nilirudi nyumbani nikageuza kila ulichosema. Ulisema matofali, nikaweka mianzi yenye nafasi. Ulisema udongo, nikainua sakafu juu ya nguzo. Ulisema majani mabichi, nikangoja yalale yakauke. Ulisema mpaka darini, nikaacha upepo upite. Hakuna hata kimoja kilichooza. Ubaya wako umenijengea ghala zuri kuliko yote aliyojenga kaka."

Wazee wakacheka. Kicheko kilikuwa kilekile. Parubai, kwa aibu, alivuta pindo la sari akajifunika uso.

Thakubai alichagua kitunguu kimoja, akakiweka juu ya jiwe, akakipasua kwa ngumi kama alivyokuwa akifanya Bhikaji shambani. Akakila na kipande cha mkate wa uwele.

"Kitamu," akasema. "Na mahali, je? Ulijenga bondeni?"

"Bondeni, nimerogwa? Liko juu, kwenye mwinuko."

"Pembeni pembeni hivi?"

"Katikati kabisa. Unaliona ukiwa barabarani."

Thakubai akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari za msiba wa mbali.

Pikipiki ikasimama mbele ya nyumba. Aliyeshuka alikuwa mpimaji ardhi wa serikali, ramani kwapani, viatu vimejaa vumbi la mwinuko alikoshinda akipigilia vigingi tangu asubuhi.

"Mama, nimemaliza," akasema. "Vigingi vyako vyote viko mahali pake, kama ramani ya zamani inavyosema. Ila nilitaka kulipima na lile ghala lililo katikati ya shamba lako, nikakuta limefungwa. Ufunguo anao nani?"

Thakubai hakuacha kutafuna. Alimgeukia shemeji yake, akanyoosha mkono unaonuka kitunguu, kiganja juu.