Chupa Isiyochoma

Daktari alimulika jicho la Jedidah, akaona kidonda kimepona kabisa. Kisha akamgeukia binti ya Jedidah, akampanua kope kwa kidole gumba. Kioo cha jicho kilikuwa cheupe, kama cha samaki aliyechemshwa.

Mama na mtoto walikuwa wameumizwa na vumbi lilelile, wakiponda mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya Macalder. Kila mmoja alikuwa amepewa chupa yake ya matone.

"Mtoto ametumia dawa yake?"

"Yake ilikuwa inamchoma sana, daktari. Analia mpaka majirani wanakuja kuuliza. Nikasema mimi ni mtu mzima, nitavumilia. Nikachukua hiyo kali, nikampa yangu. Yangu ilikuwa pole, kama maji."

Daktari alizima tochi. Iliyochoma ndiyo iliyokuwa dawa. Zile za pole zilikuwa maji ya chumvi tu, za kulinganishia katika majaribio ya dawa hiyo. Alizigawa mwenyewe.

Msichana aligeuza shingo ili amwone mama yake kwa jicho lililobaki.

Jedidah akafungua fundo la leso, akatoa chupa tupu.

"Iliisha jana. Kama iko ingine ya hii pole, tumuongezee."