Tumbo la Maji

Injinia Demetria aliinua macho, akaliona tumbo. Turubai la paa la uwanja mpya wa Buza, alilolikaza mwenyewe mpaka likalia kama ngoma, lilikuwa limebonyea kwa maji ya mvua, juu ya vichwa vya watoto wa kwaya.

“Nani kalegeza kebo za turubai?”

“Sie, injinia,” fundi alijibu. “Tulikuwa tunafunga mapambo ya mgeni rasmi.”

Demetria akakimbia kuelekea kwa watoto. “Tokeni! Tokeni hapo!”

Bendi ikaanza wimbo wa taifa. Uwanja mzima ukasimama wima.

Askari akamdaka mkono. “Mama, wimbo wa taifa huo. Subiri uishe.”

Juu, mshono ukaanza kuachia. Tone likamdondokea puani mtoto wa mstari wa mbele, aliyesimama mikono ubavuni kama walivyofundishwa.

Hakulifuta.