Fisi Aliyekalia Mifupa

Hii alinihadithia marehemu shangazi yangu Mwanamkasi, siku tunachambua mchicha.

Fisi alipata lundo la mifupa. Akalikalia siku nne, hata mtoni haendi, anaogopa kuibiwa. Haja ikimjia, anaibana. "Ngoja kwanza, nikiinuka tu watabeba!" Ikangoja weee, mwisho ikaacha kuja. Tumbo likawa gumu kama kinu.

Digidigi, yule ambaye kila asubuhi lazima aende haja palepale pake, akapita akamkuta anagumia.

"Kaka Fisi, umefunga choo wewe. Inuka tutembee mpaka mtoni, unywe maji, ule na papai bivu."

"Thubutu! Unaitaka mifupa yangu."

"Haya, baki nayo."

Siku ya tano Fisi akaona sasa anakufa. Akalia, "Dada Digidigi! Chukua mifupa yote, niokoe tu!"

Digidigi akacheka mpaka akakaa chini. "Tangu lini mimi nikala mfupa? Mimi si mla majani?"

Fisi akaitazama mifupa yake. Akainuka.

Wakaenda polepole hadi mtoni. Akanywa, akala papai, akanywa tena. Asubuhi haja ilipokuja hakuiambia ingoje, alitimua mbio kichakani. Akatoka huko mwepesi, anacheka peke yake, na kicheko chake ndicho hicho mnachokisikia hadi leo.

Na mifupa? Ilikuwa palepale, hata nzi hakuitaka.

Haya wajukuu zangu, mwenye haja aende uani sasa hivi, asibane. Akirudi, alale.