Mfano Uliobaki kwa Nasra

Siku hizo wanafunzi hawakuazimana tena madaftari. Waliazimana mada nzima kutoka kichwani, kwa utepe wa kufunga kwenye paji la uso, na mada uliyomwazima mtu ilikutoka kabisa mpaka akurudishie. Tunu alikuwa amemwazima Nasra, mwanafunzi mwenzake, mada ya urithi. Sasa imerudi, kesho ni mtihani wa Baiolojia wa kidato cha sita, na Tunu anahisi imepungua.

"Hebu niulize," Tunu akamwambia pale sebuleni kwao.

"Wazazi wote wawili damu yao ni kundi O. Mtoto je?"

"O tu, hana jingine." Jibu lilikuja lenyewe, lakini mfano aliojifunzia haukuja. "Nasra, kuna kitu umebakiza. Unataka kunipita, siyo?"

"Nimebakiza mfano mmoja tu, na hautatoka kwenye mtihani." Nasra hakuinua macho. "Ulijifunzia kwa watu wa humu ndani."

Tunu akakitazama kitambulisho chake cha shule. Kundi la damu: A.

Mama yake akaingia na sinia la chai na maandazi.

"Mama, wewe na baba damu yenu ni kundi gani?"

Mama akalitua sinia taratibu. Alimtazama Nasra kwanza.