Mwenye Picha

Siku hizo picha isiyojulikana mpigaji wake haikuruhusiwa kunakiliwa mpaka mpigaji mwenyewe aridhie. Mwenyewe asipopatikana, mitambo ilimuumba kutokana na picha yenyewe, ikampa na sauti. Ndivyo Mwanakheri wa Tanga alivyojikuta sebuleni kwake akimwamkia mtu ambaye hakuwapo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.” Sauti ilikuwa ya kizee, yenye kikohozi.

Akamweleza kwamba mama yake amefariki, na picha pekee aliyoiacha ni hiyo ya usichana wake. Inachakaa, naye anaomba aikuze, aitundike ukutani.

“Aliniomba niichane,” sauti ikasema. “Alikuwa ametoka kulia. Hebu tazama kope zake.”

Mwanakheri akatazama. Kope zilikuwa zimelowa. Miaka yote alidhani ni wanja.

“Usimsikilize,” mumewe, Shembilu, akamnong'oneza. “Limetungwa hilo. Linajua nini zaidi ya hiyo picha?”

Lakini Mwanakheri alikwishauliza. “Nani alimliza?”

“Aliyesimama nyuma yangu,” sauti ikajibu, kisha ikakohoa. “Haya, nimeridhia. Ikuzeni.”

Picha ikakuzwa, ikatundikwa. Wageni huisifu, wakasema marehemu alikuwa mzuri jamani, wala hawaoni zaidi ya hapo. Mwanakheri hakikalii tena kiti kinachoielekea. Kila alipokaa pale aliona macho ya mama yake yanampita begani, yamemkazia mtu aliye nyuma yake, naye hakuthubutu kugeuka.