Aliyemvunja Korongo Bawa

Hekaya hii ukiisikia kwa mwingine, jua ameniibia.

Tai alikaa juu mawinguni akitazama njia. Kasuku, kileleni mwa kichuguu, aliwatangazia ndege alichoambiwa na Tai. Siku ya ukungu Kasuku akapaza sauti, "Korongo, pita kulia!" Korongo akapita kulia, akajibamiza kwenye mti, bawa likavunjika. Na sheria ya ndege ni moja: aliyekuvunja atakulisha mpaka upone.

"Mimi ni macho tu," Tai akamwambia hakimu Nungunungu. "Mdomo ni wa Kasuku."

"Mimi narudia tu, mheshimiwa!" Kasuku akadakia. "Kwani aliyeruka si Korongo mwenyewe?"

Korongo akalia kwa njaa. Nungunungu akajikuna.

"Haya, tuyaache. Nina samaki hapa, zawadi ya aliyewafikisha bata salama katika ukungu huohuo. Ni nani?"

"Mimi!" wakajibu wote wawili, wakisukumana.

"Vizuri. Anayekula sifa za waliofika atamlisha aliyeanguka. Korongo, kula samaki huyu; kuanzia kesho wavuvi wako ni hawa."

Tangu hapo Tai akielekeza njia hukohoa kwanza: "Pita kushoto, ila mimi sijasema." Na Kasuku huyarudia yote, hata kikohozi.