Ya Kwako Iko Wapi

"Haya, nipigie ya kwako," mwalimu wake wa tarumbeta, aliyekuwa mgonjwa, alimwambia Earline alasiri hiyo, wakiwa kibarazani kwa mzee huko New Orleans.

Earline aliinua tarumbeta. Kwa miaka tisa alikuwa amerudia mazoezi ya mzee huyu na kusikiliza santuri zake mpaka zikachakaa. Aliogopa kukosea mbele yake, basi akapiga solo ambayo mwalimu mwenyewe aliirekodi ujanani, noti kwa noti, hata pale alipovuta pumzi.

Mzee hakupiga makofi. Alitazama duara jekundu ambalo tarumbeta ilikuwa imeliacha mdomoni mwa mwanafunzi wake.

"Hiyo naijua, binti yangu. Nilitaka kukusikia wewe."

"Ninayo yangu, Mwalimu, ila bado haijakaa sawa."

"Si uipige hivyo hivyo?"

"Jumapili. Nitakuja nayo, nakuahidi."

Jumapili alikuta kibaraza kimejaa viti vya kukodi na wanawake waliovaa nyeusi wakipakua gumbo, ule mchuzi mzito wa kwao. Mjane wa mwalimu alimwona na sanduku lake la tarumbeta.

"Jana kutwa alikuwa anakuulizia," alisema. "Eti, yule mtoto ataniletea nini?"

Earline akapiga magoti pale ngazini, akalifungua sanduku.